MCHUUZI MWENYE KOFIA TATU

Ndugu wasomaji, nashika kalamu kwa ajili ya jambo lililotukia shuleni kwetu. Wengi wataliona dogo. Mimi silioni dogo, nami nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kuhukumu.

Katika sanduku la vitabu vya msaada tulivyopewa kilikuwamo kitabu kikubwa cha picha za kale za miji ya Ulaya, picha zilizochongwa katika mabamba ya shaba na kupigwa chapa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Ndani yake wamo wauza maziwa, wauza samaki, wanoa visu, na wengine wengi waliokuwa wakizunguka mitaani wakinadi mali yao. Mwalimu mwenzangu mmoja, mkubwa kwangu kwa umri na aliyenitangulia kazini, alikichukua akaingia nacho darasani. Alipofika penye picha ya mchuuzi wa Kiyahudi wa London, mtu mwenye ndevu ndefu, pua iliyopinda kama mdomo wa kasuku, gunia begani, na kofia tatu kichwani, moja juu ya nyingine, darasa lote likaangua kicheko. Mtoto mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwa nini amevaa kofia tatu?" Mwalimu akajibu, "Kwa sababu ya tamaa. Hao ndivyo walivyo." Watoto wakacheka tena, ukurasa ukafunuliwa.

Nami nalikuwa nimesimama mlangoni. Jioni nikamwendea mwenzangu kwa adabu, kama ipasavyo mbele ya mkubwa, nikamwambia, "Kaka, jibu lile halikuwa kweli." Hakukasirika. Alisema, "Mdogo wangu, wewe wajisumbua bure," kisha akanipa maneno manne. La kwanza, mchoraji alichora alichokiona kwa macho yake. La pili, wachuuzi wale walikuwa walaghai kweli. La tatu, wachoraji walimcheka kila mtu, si Myahudi peke yake. La nne, hayo ni mambo ya zamani na ya mbali, hayatuhusu sisi. Tuliachana kwa amani, lakini hatukupatana. Kwa kuwa najua wako walimu wengine na wazazi wengi wasemao kama yeye, nataka kuyajibu maneno hayo manne mbele ya watu wote.

Lakini kwanza nimjibu mtoto, maana yeye ndiye aliyeuliza swali la haki.

Mtu yule wa pichani kazi yake ilikuwa kununua nguo kuukuu. Asubuhi alitoka mitaa ya maskini upande wa mashariki wa London, akaenda kwa miguu hadi mitaa ya matajiri upande wa magharibi, akipaza sauti njia nzima. Watumishi wa nyumba kubwa walimwita mlangoni wakamwuzia koti lililochakaa, viatu vilivyopasuka, kofia ambayo bwana wao hakuitaka tena. Baadaye alirudi na mzigo wake mpaka soko la nguo kuukuu, kama lile la Rosemary Lane, au lile la Houndsditch lililofunguliwa mwaka 1843. Huko nguo zilinunuliwa, zikafuliwa, zikatiwa viraka na rangi, zikauzwa tena kwa watu wasioweza kununua nguo mpya. Nyingine zilivuka bahari hadi Ireland. Sisi ambao wengi wetu tumevikwa na mitumba, na tunaona Jumapili kanisani jinsi ilivyotusitiri, tusijifanye hatuijui faida ya kazi hiyo.

Sasa fikirini. Kofia za zamani zile zilikuwa ngumu, zenye umbo lake. Ukiitia kofia ya namna hiyo katika gunia chini ya makoti, hupondeka, na bei yake imekwisha. Mkono mmoja wa mchuuzi umeshika gunia, wa pili hubisha mlango. Kimebaki kichwa. Basi kofia tatu si tamaa, ni akili ya kazi. Mama zetu hubeba mtungi kichwani na mtoto mgongoni, wala hatujasikia mtu akisema kwamba wana tamaa ya maji.

Hilo ndilo jibu alilostahili mtoto. Na sasa nayajia yale maneno manne.

Neno la kwanza: kwamba mchoraji alichora alichokiona. Picha za wachuuzi wa mitaani zilikuwa biashara ya kale huko Ulaya. Annibale Carracci aliwachora mafundi na wachuuzi wa mji wa Bologna, na picha zake zikapigwa chapa mwaka 1646, baada ya kufa kwake. Marcellus Laroon aliwachora wa London, zikatolewa mwaka 1687. Baada yao walifuata wengine wengi, nao mara nyingi walimtazama mchoraji aliyetangulia kabla ya kuitazama njia. Ndiyo sababu mchuuzi wa Kiyahudi wa picha za dhihaka ni yuleyule miaka nenda, miaka rudi: gunia lilelile, kofia zilezile, pua ileile. Je, katika mamia ya wachuuzi hakuwako kijana asiye na ndevu? Hakuwako mwenye pua fupi? Walikuwako, lakini picha zao hazikuuzika. Picha iliwekwa dirishani mwa duka ili mpita njia asimame, acheke, atoe shilingi yake. Mchoraji alijua uso gani humtoa mtu shilingi. Basi hakuchora alichokiona tu. Alichora na kile alichojua mnunuzi amekwisha kukiamini.

Mambo yalikuwa vivyo hivyo kwa sauti ya mchuuzi. Watu walimcheka kwa kuwa alikatakata maneno ya Kiingereza alipokuwa akinadi, wakasema hajui kusema. Mshairi Samuel Taylor Coleridge alisimulia kisa chake mwenyewe, nacho kilipigwa chapa mwaka 1835. Siku moja alichoka na kelele ya mchuuzi wa nguo kuukuu, akamwuliza kwa ukali kwa nini hatamki maneno sawasawa. Mchuuzi alisimama, akamtazama, akamjibu kwa Kiingereza safi kwamba yeye aweza kuyatamka vema kama mtu yeyote. Lakini kama bwana angepaswa kuyasema mara 10 kila dakika kwa muda wa saa nzima, naye angeyakata vivyo hivyo. Coleridge aliona haya. Akamfuata akampa shilingi, nayo ilikuwa ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Tazameni: mtu mwenye elimu kubwa alimsikia mchuuzi akidhani amemjua, na alipomwuliza swali moja tu akagundua kwamba hakumjua.

Tena kuna kitu ambacho mchoraji hakukionyesha, nacho ni sheria. Sheria haina pua wala ndevu. Lakini ndiyo iliyomtwika mtu yule gunia.

Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakuachwa kurudi na kukaa waziwazi mpaka mwaka 1656, zamani za Cromwell. Waliporudi, hawakupewa haki kama watu wengine. Mwaka 1753 Bunge lilitoa sheria ya kuwawezesha Wayahudi waliozaliwa nchi za nje kupewa uraia. Watu wakapiga makelele, picha za matusi zikatapakaa London, na sheria ile ikafutwa kabla ya mwaka mmoja kwisha. Katika Jiji la London lenyewe, yaani kile kiini cha kale cha biashara, mtu hakuweza kufungua duka la rejareja pasipo kuandikwa kuwa mwenyeji huru wa Jiji, na kwa kuandikwa ilimpasa kula kiapo cha Kikristo. Mlango huo haukufunguliwa kwa Wayahudi mpaka mwaka 1830. Na katika Bunge, Lionel de Rothschild alichaguliwa mwaka 1847, asikubaliwe kuketi mpaka mwaka 1858, kwa sababu ya maneno ya kiapo.

Katika nchi za Wajerumani na sehemu za Ufaransa mambo yalikuwa mazito zaidi. Mahali pengi Myahudi alikatazwa kumiliki shamba. Vyama vya mafundi havikumpokea, basi hakuweza kuwa seremala wala mhunzi wala mfumaji kwa halali. Miji mingine haikumruhusu kulala ndani yake. Huko Strasbourg Wayahudi waliingia mchana kufanya biashara, na jioni pembe ilipulizwa kutoka juu ya kanisa kuu kuwaamuru watoke. Naam, kutoka juu ya kanisa! Tena walitozwa ushuru kwa ajili ya miili yao wenyewe, kama watu watozwavyo kwa ng'ombe na nguruwe wapitao langoni. Ushuru huo katika jimbo la Alsace haukuondolewa mpaka mwaka 1784, na haki za raia hawakuzipata mpaka mwaka 1791.

Basi mtu huyu afanye nini? Shamba amenyimwa, ufundi amenyimwa, duka amenyimwa, mji wenyewe hulala nje yake. Umebaki mlango mmoja: kununua na kuuza vitu vidogo njiani. Akauingia. Kisha wale waliomfungia milango mingine wakasimama kando wakamchora akiuingia ule mmoja, wakasema, "Tazama jinsi apendavyo uchuuzi!" Ndugu zangu, hiyo si kuona kwa macho. Hiyo ni kumfunga mtu miguu kisha kumcheka kwa kuwa hachezi ngoma.

Na hata uchuuzi huo haukuwa wa bure. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1697 ilimtaka mchuuzi atembeaye kwa miguu kulipa pauni 4 kila mwaka kwa ajili ya leseni, fedha nyingi mno kwa maskini wa zamani hizo. Katika karne ya 18 huko Falmouth, bandari ya Cornwall, aliishi Myahudi mmoja mfanya biashara, Alexander Moses. Yeye aliwakopesha wachuuzi maskini fedha za leseni na bidhaa za kuanzia, kwa sharti moja: kila Ijumaa warudi mjini kabla jua halijatua, ili wapatikane wanaume 10 wa kusali pamoja siku ya Sabato. Huko Plymouth watu wa namna hiyo walijenga sinagogi mwaka 1762, nalo latumika hata leo. Wachoraji wa dhihaka walimwona mchuuzi siku ya Jumatatu akiwa na matope miguuni. Ijumaa jioni, akiwa ameoga na kuketi na wenzake mbele ya Mungu wake, hakuna aliyeona faida ya kumchora.

Neno la pili: kwamba walikuwa walaghai kweli. Nami sitaficha. Walikuwako walaghai. Walikuwako walionunua mali ya wizi. Mwaka 1771 kundi la wezi wa Kiyahudi liliingia nyumba moja huko Chelsea likamwua mtumishi, na waliohukumiwa wakanyongwa mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Ukoo na dini ya wauaji hao haikuwaokoa, wala haikupasa kuwaokoa. Viongozi wa sinagogi wenyewe waliwalaani. Lakini matokeo yalikuwa nini? Kila mchuuzi mwenye ndevu aliyepita njiani, ambaye Chelsea hajapata hata kuiona, alizomewa kwa jina la mji huo. Francis Place, fundi cherehani wa London aliyeandika habari za ujana wake, ashuhudia kwamba aliwaona Wayahudi wakizomewa, wakikimbizwa, wakipigwa, wakivutwa ndevu na kutemewa mate mitaani, wala hapakuwa na mtu wa kuwatetea. Asema pia kwamba mateso hayo yalipungua baada ya Daniel Mendoza, bondia wa Kiyahudi, kupata sifa na kuwafundisha vijana wengi ngumi. Nchi ya Kikristo ikajifunza kumstahi jirani kwa kuogopa ngumi!

Twajua mithali yetu: samaki mmoja akioza, huoza wote. Ni mithali nzuri kwa mwuza samaki. Lakini wanadamu si samaki wa tenga moja. Mlevi wa kijiji chetu akiiba mbuzi, twamtafuta yeye. Hatuwapigi watu wote wa ukoo wake, na tukiwapiga twajua tumetenda dhambi. Kwa nini basi kipimo hiki kiwe kweli kwa jirani wa karibu, kisha kigeuke uongo kwa Myahudi?

Henry Mayhew, mwandishi aliyetembea mitaani akazungumza na maskini wa London na kutoa kitabu chake mwaka 1851, hakuwa mtu asiye na dharau kwa Wayahudi. Maneno mengine aliyoyaandika juu yao ni mabaya. Hata hivyo aliandika kwamba mchuuzi wa Kiyahudi wa nguo kuukuu ni nadra sana kuonekana amelewa. Aliandika pia maneno ya mwuza viungo na mizizi ya dawa aliyezaliwa Mogador, katika Moroko, yaani mtu wa bara letu hili la Afrika, aliyezeeka akizunguka njia za London. Unapomwacha mtu aseme, waona ana kwao, ana mama aliyemzaa, ana safari na huzuni. Katika picha za dhihaka ana pua tu.

Neno la tatu: kwamba wachoraji walimcheka kila mtu. Ni kweli, walimcheka Mskoti, walimcheka Mwairishi, walimcheka Mfaransa, na mfalme wao wenyewe hawakumwacha. Lakini tazameni tofauti. Mwuza maziwa wa pichani akitua ndoo yake, huwa mtu kama watu. Myahudi hakuruhusiwa kulitua gunia. Benjamin Disraeli hakuwa mchuuzi siku moja ya maisha yake. Alizaliwa mwaka 1804 katika nyumba ya vitabu, akabatizwa mwaka 1817 angali mtoto. Walakini alipogombea kiti cha Bunge huko Maidstone mwaka 1837, watu wa makutano walimpigia kelele ile ya wanunua nguo kuukuu. Akawa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili. Naam, mwaka 1876, alipokuwa amekalia kiti hicho, gazeti la mzaha la Punch lilitoa picha ya John Tenniel ikimwonyesha katika mavazi ya mchuuzi wa mashariki, akimpa Malkia Victoria taji jipya la India badala ya taji lake la zamani. Ubatizo haukulitua gunia, wala elimu, wala cheo. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Lakini huyu alichaguliwa tusi lake kabla hajazaliwa.

Tena kicheko hiki kilikuwa na injili ya uongo nyuma yake. Mwaka 1602 kilitokea Ujerumani kijitabu cha habari za Myahudi aitwaye Ahasuero, ambaye, yasemwa, alimfukuza Bwana mlangoni pake siku ya kusulubiwa, naye akalaaniwa kutembea duniani bila kufa mpaka siku ya mwisho. Picha zake, mzee mwenye fimbo na ndevu asiye na pa kupumzika, zilipigwa chapa kwa wingi mno, zikauzwa mashambani na kubandikwa ukutani. Watu wakamwona mchuuzi maskini anapita na fimbo yake, wakasema, "Ndiyo laana ile." Ndugu zangu, fungueni Injili zote nne. Tafuteni hadithi hiyo. Hamtaiona. Haimo! Msalabani Bwana hakumlaani mtu, aliwaombea msamaha. Wakristo walitunga laana ambayo Kristo hakuitamka, wakamtwika nayo mtu ambaye wao wenyewe walimfanya atembee.

Sasa neno la nne, nalo ndilo zito kuliko yote: kwamba mambo haya hayatuhusu.

George Cruikshank alikuwa mchoraji mashuhuri wa London. Ndiye aliyechora picha za kitabu cha Charles Dickens cha Oliver Twist, na katika picha hizo Fagin, Myahudi mwovu anayewafundisha watoto wizi, ndiye asiyesahaulika. Lakini miaka karibu 20 kabla ya hapo, mwaka 1819, Cruikshank huyohuyo alitoa picha iitwayo The New Union-Club, yenye kuwadhihaki watu weusi na marafiki zao waliopinga utumwa. Humo Waafrika wamechorwa walevi, wenye midomo ya kutisha, wasiojua kuketi mezani. Ni mkono uleule, kalamu ileile. Amchekaye mchuuzi wa kofia tatu darasani mwetu na ageuze kurasa chache mbele, atajiona mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1819 zilizuka ghasia Ujerumani, zikaanzia Würzburg na kuenea miji mingi. Wayahudi wakapigwa na nyumba zao kuvunjwa. Johann Michael Voltz alichora ghasia za Frankfurt. Upande mmoja wanawake wawili wa shamba wanampiga Myahudi, mmoja kwa uma wa majani makavu na mwingine kwa ufagio. Upande wa pili bwana mwenye miwani na mavazi mazuri amemkaba Myahudi koo na kuinua rungu. Wenye kuichunguza picha hiyo wamesema labda bwana yule ni mwuza dawa, au labda ni mwalimu wa shule.

Mwalimu! Neno hilo limenichoma. Na si dhana tu. Mwaka 1938, katika Ujerumani ya Hitler, kilitolewa kitabu cha watoto kiitwacho Der Giftpilz, maana yake Uyoga wa Sumu, chenye picha za rangi. Katika sura yake moja yumo mchuuzi wa Kiyahudi kijijini, amefungua vitambaa vyake mbele ya mwanamke wa shamba ili amlaghai. Ni mchuuzi wetu yuleyule wa picha za kale, amepakwa rangi mpya. Mwandishi wake, Ernst Hiemer, alikuwa mwalimu. Mwenye kukitoa, Julius Streicher, naye alikuwa amefundisha shule ya watoto wadogo. Miaka michache baadaye Wayahudi milioni 6 walikuwa wameuawa, na Streicher alihukumiwa Nuremberg akanyongwa mwaka 1946.

Sisemi kwamba mchuuzi wa kofia tatu aliyechorwa London ndiye aliyewaua watu hao. Waliuawa kwa amri, kwa risasi, kwa njaa na kwa gesi, na watu waliotenda hayo wana majina yao. Lakini nasema kwamba mtu aliyezoeshwa tangu utoto kumwona jirani yake kama kikaragosi hashtuki siku jirani huyo anapochukuliwa. Kicheko ndicho kilichomzoesha, na mazoea hayo huanzia darasani, mikononi mwetu sisi walimu.

Msiseme kijiji chetu kiko mbali. Nimeona kwa macho yangu katika mchezo wa Pasaka, Yuda amevalishwa ndevu za manyoya na pua ya udongo na kushikishwa mfuko, naye Petro yuko kama alivyo, kijana safi wa kwaya. Ni nani aliyetufundisha kwamba Yuda ni Myahudi na Petro siye? Wote Thenashara walikuwa Wayahudi. Mariamu alikuwa Myahudi. Paulo alikuwa Myahudi, tena mshona mahema aliyetembea na kazi yake mikononi mji hata mji. Bwana wetu mwenyewe alikuwa Myahudi, na kama angalipita London miaka ile na mzigo begani, dirisha la duka la picha lingalimkaribisha kwa kicheko. Picha ile imekwisha kufika kwetu, nasi tumeipokea bila kuiuliza inatoka wapi.

Je, nataka kitabu kile kichomwe moto? La, hasha. Tukikichoma tutapoteza ushahidi wa kosa, na picha kama ile ya Voltz yatufaa ili tujue yaliyotendeka. Nataka kifundishwe. Mtoto aonyeshwapo picha ya mtu anayedhihakiwa, na aulize mambo matatu: Ni nani aliyechora? Ni nani aliyelipa ili acheke? Na ni kitu gani kimeachwa nje ya picha? Mtoto wetu alikwisha kuanza, maana aliuliza kwa nini. Sisi ndio tuliomnyamazisha.

Wala mtu asione haya kujirudi. Mwaka 1863 mwanamke wa Kiyahudi, Eliza Davis, alimwandikia Dickens barua kumwambia kwamba kwa Fagin amewatendea Wayahudi udhalimu mkubwa. Dickens kwanza alijitetea, kama sisi sote tufanyavyo. Kisha akafikiri. Katika kitabu chake cha miaka 1864 na 1865 akamweka Riah, mzee wa Kiyahudi mwenye moyo mwema, na katika chapa ya Oliver Twist ya mwaka 1867 akafuta mahali pengi alipokuwa amemwita Fagin "Myahudi" badala ya kumtaja kwa jina lake. Fagin wa kwanza hakufutika duniani, maana maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mwandishi mkubwa wa Uingereza alikubali kusahihishwa na msomaji wake.

Kaka yangu, najua utayasoma haya. Sikukusudia kukuvunjia heshima, nawe wajua ni mengi niliyojifunza kwako. Nakuomba tu, Jumatatu tuingie darasani pamoja, mimi na wewe, tumwite yule mtoto, tumwambie kwamba kofia zile zilikuwa za kuuza, na gunia lilikuwa limejaa, na mikono ya mtu yule ilikuwa miwili tu.

Ni mimi mwalimu mwenzenu.